Jessica Alba na Neno Lililoandikwa Kwenye Chupa

Kila Jumamosi alfajiri, kabla watoto hawajaamka, huwa ninamimina slesi, ile malighafi ya sabuni ya maji inayotoa povu, kwenye ndoo kubwa ya plastiki na kuanza kuikoroga kwa mwiko wa mbao, upande mmoja tu, huku nikiongeza chumvi kidogo kidogo mpaka ile rojo inayong'aa igeuke nyeupe na kuwa nzito kama uji wa sembe. Baada ya hapo huja maji, kisha salfoniki, asidi ya kutengenezea sabuni, iliyokwisha kutulizwa kwa soda ashi niliyoiloweka tangu usiku, kisha gliserini, rangi na manukato, na ndoo hufunikwa mpaka kesho yake ili povu litulie na sabuni ionekane rangi yake halisi. Kazi hii nilijifunza katika mafunzo ya wiki moja ya wajasiriamali wadogo, na kwa miaka sita sasa ndiyo inayolipa ada za shule nyumbani kwangu. Naieleza mwanzoni kabisa kwa sababu ndiyo iliyonifanya niyafuatilie maisha ya Jessica Alba kwa makini ambayo singeyatumia kwa mcheza sinema mwingine yeyote.

Wengi wa rika langu tulimwona kwanza kwenye skrini, hasa katika zile sinema mbili za Fantastic Four za mwaka 2005 na 2007, ambamo alicheza kama mwanamke anayeweza kutoweka machoni pa watu. Mimi nilimjua upya usiku mmoja nilipokuwa nikitafuta kwenye simu sababu ya harara iliyomtoka mwanangu wa pili shingoni na mgongoni. Alikuwa na wiki tatu tu tangu azaliwe, na nilikuwa nimefua nguo zake zote kwa sabuni ya unga niliyoinunua kwa sababu moja, kwamba pakiti yake ilikuwa na picha ya mtoto mchanga. Katika kutafuta huko nikakuta kisa cha mwanamke wa California aliyepatwa na jambo karibu lilelile mwaka 2008, akaligeuza kuwa kampuni. Tangu usiku ule nimesoma kila nilichoweza kukipata kumhusu. Nataka kuyaandika maisha yake kama ninavyoyaelewa mimi mtengeneza sabuni, kwa kuwa naona wanaomwandika kama nyota hupita haraka mno mahali ambapo mimi hutaka kusimama.

Jessica Marie Alba alizaliwa tarehe 28 Aprili 1981 huko Pomona, mji ulio mashariki ya Los Angeles. Baba yake, mwenye asili ya Mexico, alikuwa katika Jeshi la Anga la Marekani, na familia ikahamahama kama zinavyohamahama familia za askari popote: Biloxi katika jimbo la Mississippi, Del Rio huko Texas, kisha wakarudi California na kutulia Claremont alipokuwa na umri wa miaka 9. Lakini katika miaka hiyo yote mahali alipopazoea kupita kiasi palikuwa hospitali. Alikuwa na pumu. Aliugua nimonia mara nne au tano kwa mwaka, mapafu yake yakasinyaa kwa sehemu mara mbili, kidole tumbo kikapasuka, na kwenye tezi za koo likatokea jipu la maji. Amesimulia mwenyewe kwamba alikuwa wodini mara nyingi kiasi kwamba watoto wenzake shuleni hawakupata nafasi ya kumjua vya kutosha hata wakawa rafiki zake.

Aliyewahi kulala kwenye kiti cha wodi ya watoto, akisikiliza kifua cha mwanawe kikilia filimbi usiku kucha, anajua kwamba mtoto wa namna hiyo hukua na masikio na macho ya pekee. Huzoea kusikiliza watu wazima wakizungumza juu ya mwili wake. Huuliza dawa hii ni ya nini, ile inatoka wapi, kwa nini chumba hiki kinanuka hivi. Sidai kwamba ninajua yaliyokuwa moyoni mwa mtoto Jessica, lakini ninaposoma habari za kampuni aliyoianzisha akiwa na miaka 30 namwona yule mtoto wa kitandani waziwazi kuliko ninavyomwona nyota wa sinema.

Kuigiza alikutaka mwenyewe. Alipokuwa na miaka 11 alimshawishi mama yake ampeleke Beverly Hills kwenye shindano la uigizaji ambalo zawadi yake kubwa ilikuwa masomo ya bure ya kuigiza. Alishinda, akasoma, na miezi tisa baadaye akapata wakala. Filamu yake ya kwanza, Camp Nowhere, ilitoka Agosti 1994, naye alikuwa na miaka 13. Nafasi aliyopewa ilikuwa ndogo, ya wiki mbili tu, lakini mmoja wa waigizaji wakubwa zaidi yake alipojitoa, zile wiki mbili zikawa miezi miwili ya kazi. Baada ya hapo yakafuata matangazo ya televisheni, ya michezo ya Nintendo na ya maduka ya J. C. Penney, kisha vipindi vitatu katika tamthilia moja ya watoto.

Watu wengi wa kwetu, tukisikia mtoto anafanya kazi ya sinema, hudhani ni mchezo wa kupigwa picha na kurudi nyumbani. California ina sheria kali juu ya jambo hilo, na inafaa zijulikane. Mtoto lazima awe na kibali cha kazi, mwalimu awepo mahali pa kurekodi, na kwa mwenye umri kati ya miaka 9 na 15, siku ya shule hugawanywa kuwa saa zisizozidi 5 za kazi, saa 3 za masomo na saa 1 ya mapumziko. Ni ratiba ya mfanyakazi. Mtoto wa namna hiyo hujifunza mapema kwamba pana watu sitini wanaomngoja asome mistari yake sawasawa, na kwamba akikosea, gharama inahesabika kwa dakika. Nadhani hapo ndipo Alba alipopata ule ustahimilivu wa vikao virefu ambao baadaye uliwashangaza wawekezaji waliotarajia kukutana na sura nzuri tu.

Kati ya mwaka 1995 na 1997 alikuwa Australia akirekodi tamthilia ya Flipper, ya pomboo na watoto wa pwani. Mama yake, aliyewahi kuwa mwokoaji wa waogeleaji, alikuwa amemfundisha kuogelea kabla hajajua kutembea, na mtoto aliyeshindwa kupumua wodini akawa mzamiaji mwenye cheti. Alimaliza sekondari Claremont akiwa na miaka 16. Mwaka 2000 akapata nafasi iliyomfungulia dunia, mhusika mkuu wa tamthilia ya Dark Angel iliyotungwa na James Cameron pamoja na Charles Eglee, akichaguliwa kati ya wasichana zaidi ya 1,000. Yaliyofuata katika sinema yanajulikana na sina haja ya kuyarudia. Itoshe kusema kwamba katika miaka hiyo magazeti yaliandika zaidi juu ya umbo lake kuliko kazi yake.

Sasa nifike mwaka 2008. Alikuwa mjamzito wa mtoto wake wa kwanza, na marafiki walimfanyia ile sherehe ya kumtunza mama mtarajiwa ambayo siku hizi hata Dar es Salaam tunaiita bebi shawa. Alipokea nguo nyingi za mtoto, akazifua kwa sabuni iliyopendekezwa kwa ajili ya watoto wachanga. Ngozi yake ikatoka mapele. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kubadili sabuni na kusahau. Kwake lilifungua mlango wa utoto wote: pumu, mzio, hospitali. Alijiuliza kama mtoto aliyemo tumboni angerithi ngozi na mapafu yake, na kama ndivyo, ni nini kilichomo ndani ya chupa hii inayosema imetengenezwa kwa ajili yake.

Alianza kusoma. Akakutana na Christopher Gavigan, aliyekuwa akiongoza shirika lililoshughulikia afya ya watoto na kemikali za majumbani. Akagundua jambo ambalo sisi watengenezaji tunalijua lakini wanunuzi wengi hawalijui, kwamba neno moja tu kwenye lebo, “manukato”, linaweza kuficha makumi ya kemikali ambazo mtengenezaji halazimiki kuzitaja. Mwaka 2009 alimwendea Brian Lee, mfanyabiashara wa mtandaoni aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa LegalZoom, kampuni ya huduma za kisheria, akiwa na andiko la biashara la kurasa 50. Lee hakuvutiwa. Karibu mwaka mmoja na nusu baadaye alirudi kwake na kurasa 10. Naipenda sana sehemu hii ya maisha yake, kwa sababu kupunguza kurasa 50 kuwa 10 ni kazi ngumu kuliko kuziandika. Ina maana umejua ni kipi unachokiuza. Safari hii Lee naye alikuwa amekuwa baba, na akakubali.

Kabla hata kampuni haijaanza kuuza, Mei 2011, akiwa na mimba ya mtoto wa pili, Alba alikwenda Washington kuzungumza na wabunge. Sheria ya kudhibiti kemikali iliyokuwa ikitumika Marekani ilipitishwa mwaka 1976, na iliziruhusu kemikali zaidi ya 60,000 zilizokuwa tayari sokoni kuendelea kutumika bila kulazimishwa kupimwa kwanza. Seneta Frank Lautenberg alikuwa amewasilisha muswada wa kuirekebisha, na Alba akawa miongoni mwa kina mama waliousemea. Muswada ule haukupita. Lautenberg alifariki dunia mwaka 2013, na ilipofika Juni 2016 ndipo Rais Obama aliposaini sheria mpya iliyobeba jina la seneta huyo. Singemheshimu Alba kama ninavyomheshimu laiti angeishia kuuza bidhaa ghali kwa wenye uwezo, bila kugusa sheria inayomlinda hata yule asiyeweza kununua bidhaa zake.

Januari 2012 The Honest Company ilifungua duka lake la mtandaoni ikiwa na bidhaa 17. Honest ni neno la Kiingereza lenye maana ya mkweli au mwaminifu, kwa hiyo jina lenyewe la kampuni lilikuwa ahadi. Bidhaa iliyowavuta wengi ilikuwa nepi za kutupa, ambazo sisi wote huziita pampasi, zenye michoro ya kupendeza na zilizofikishwa mlangoni kila mwezi kwa waliojiandikisha. Pamoja nazo zilikuwepo sabuni za kufulia, za vyombo na za kuogea, na mafuta ya mtoto. Mapato ya mwaka wa kwanza yalikuwa kama dola milioni 10; mwaka 2014 yalifikia dola milioni 150. Bidhaa zikaingia kwenye rafu za maduka makubwa kama Target na Costco. Agosti 2015 wawekezaji waliipa kampuni thamani ya dola bilioni 1.7. Alba alikuwa na miaka 34.

Hapa ndipo waandishi wengi huishia, au huruka hadi soko la hisa. Mimi hukaa hapa, kwa sababu mwaka uliofuata ndio uliomfanya kuwa mtendaji wa biashara kwa maana kamili ya neno hilo.

Dalili zilianza kiangazi cha 2015, wazazi walipoanza kuweka mitandaoni picha za watoto wao waliobabuka kwa jua ingawa walikuwa wamepakwa losheni ya kukinga jua ya kampuni hiyo. Kisha Machi 2016 gazeti la The Wall Street Journal likachapisha habari kwamba lilikuwa limepeleka sabuni ya maji ya kufulia ya Honest katika maabara mbili huru, na zote mbili zikakuta ndani yake sodiamu lauri salfeti, ambayo kwa kifupi huitwa SLS. Kiungo hicho kilikuwa miongoni mwa vile ambavyo kampuni iliwaahidi wateja kwamba haivitumii kamwe.

Niruhusiwe kueleza SLS ni nini, kwa kuwa ni jamaa wa karibu wa slesi niliyoitaja mwanzoni. Ni kiungo kinachotoa povu na kung'oa mafuta. Hakuna uthibitisho kwamba huleta saratani, ingawa uvumi huo huzunguka kwenye simu zetu kila mwaka, lakini kwamba huwasha ngozi ni jambo lisilo na ubishi: watafiti wa ngozi huipaka kwa makusudi wanapotaka kuiwasha ngozi kidogo ili wapime dawa zao. Slesi ni salfeti ya ukoo huohuo iliyopitishwa kwenye hatua moja zaidi kiwandani, ambayo huifanya iwe laini kwa ngozi, ila hatua hiyo inaweza kuacha mabaki ya kemikali iitwayo dioksani, ambayo kiwanda makini huyaondoa.

Honest walijibu kwamba hawakutumia SLS, bali sodiamu koko salfeti, itokanayo na nazi, na kwamba vipimo vyao havikuona SLS. Kwa mtu wa pwani, neno nazi linatosha kumtuliza. Nywele za bibi zangu zilipakwa mafuta yake, na tui lake nimelinywa tangu sijaota meno. Lakini tuangalie nazi yenyewe. Karibu nusu ya asidi za mafuta zilizomo katika mafuta ya nazi ni asidi ya lauri. Kiwanda kikiyachukua mafuta hayo yote pamoja na kuyageuza kuwa salfeti, kitapata mchanganyiko wa salfeti zenye minyororo ya kaboni mifupi na mirefu, na sehemu kubwa ya mchanganyiko huo ni lauri salfeti ileile. Anayetaka SLS huitenga ile ya lauri na kuacha nyingine. Anayetaka koko salfeti huziacha zote pamoja. Mchanganyiko huo una jina lake, na kwa watu wengi hauwashi sana kama SLS tupu, lakini kuandika kwamba hamna lauri salfeti ndani yake ni sawa na kuandika kwamba hamna nazi ndani ya tui.

Jambo lililonigusa zaidi katika habari ile ni karatasi. Kampuni ilikuwa na cheti kutoka katika mnyororo wa wauzaji wa malighafi, na kwenye mstari wa SLS palikuwa na sifuri. Gazeti lilipofuatilia, ikaonekana kwamba sifuri ile haikutokana na kipimo chochote. Kila mmoja katika mnyororo alimwamini wa kabla yake, na mwishoni akawepo mama mmoja dukani aliyeiamini chupa kwa sababu ya jina lililoandikwa juu yake na sura ya mwanamke aliyesema, mimi pia ngozi yangu ilitoka mapele.

Sijawahi kuona ushahidi kwamba Alba alidanganya kwa kujua, na siamini kwamba alidanganya. Naamini kosa lilikuwa katika neno “kamwe”. Alijenga kampuni nzima juu ya swali moja, yaani ndani ya chupa hii mna nini, na swali hilo lilikuwa la haki kabisa. Swali hilohilo lilipogeuzwa na kuelekezwa kwake, likakuta kwamba katika haraka ya kukua kutoka dola milioni 10 hadi milioni 150 kwa miaka miwili, kampuni ilikuwa imelijibu kwa karatasi ya mtu mwingine. Wapo waliolifurahia anguko lile, wakisema, mwacheni mcheza sinema arudi kwenye sinema. Maneno hayo yaliniuma. Viwanda vikubwa vya sabuni vilitumia SLS kwa miongo mingi bila mtu kuuliza; aliyeadhibiwa vikali alikuwa yule aliyesema angejaribu kuiacha. Hata hivyo nasimama na waliomshtaki pia, kwa sababu wateja walilipa bei ya juu kwa ajili ya neno hilo, na neno likiuzwa lazima lipimwe kama bidhaa nyingine yoyote.

Kilichotokea baadaye si cha sinema. Kampuni iliendelea kukana, lakini kabla mwaka haujaisha ilibadilisha mchanganyiko wa sabuni zake na kuiondoa ile koko salfeti. Mwaka 2017 ilikubali kulipa dola milioni 1.55 kumaliza kesi ya wateja, bila kukiri kosa. Mazungumzo ya kununuliwa na Unilever hayakuzaa matunda, na Unilever wakanunua kampuni nyingine ya sabuni. Mei 2017 vitambaa vya kufutia watoto vilirudishwa kutoka madukani kwa sababu ya ukungu. Brian Lee aliachia utendaji mkuu, akaletwa Nick Vlahos kutoka Clorox, kampuni kubwa ya bidhaa za usafi, mtu aliyezoea viwanda na maabara. Thamani ya kampuni machoni pa wawekezaji ilishuka chini ya ule ubilioni, wafanyakazi wakapunguzwa, bidhaa zisizouzika zikaachwa. Fedha za vipimo na udhibiti wa ubora zikaongezwa, na maabara zikajengwa ndani ya kampuni yenyewe. Hapo ndipo ningependa kumwona Alba kwa karibu, katika vikao vya miezi ile, lakini vikao vya namna hiyo havirekodiwi na kamera.

Kinachojulikana ni kwamba hakuondoka. Angeweza. Alikuwa na jina na bado alikuwa na umri wa kurudi kwenye filamu kwa nguvu zote, na nyota wengi walioweka majina yao kwenye bidhaa hujitoa kimyakimya mambo yanapoharibika. Yeye alibaki kama ofisa mkuu wa ubunifu, cheo ambacho baadhi ya watu hukidharau wakidhani ni cha kuchagua rangi za pampasi. Hakuwahi kuwa mtendaji mkuu na hakujidai kuwa ndiye. Alijua asichokijua, akawaachia wengine hesabu na viwanda, naye akashika kile ambacho hakuna mwingine angeweza kukishika: sauti ya kampuni, bidhaa za urembo ambazo zilitengwa na kupewa mkazo wao, na mawasiliano na kina mama walewale waliokuwa wamekasirika. Mwaka 2018 kampuni ya uwekezaji ya L Catterton iliweka dola milioni 200. Tarehe 5 Mei 2021 Honest iliingia kwenye soko la hisa la Nasdaq kwa dola 16 kwa hisa, na siku ya kwanza ikafunga kwa dola 23.

Hisa zile zilianguka baadaye, tena sana. Mwaka uliofuata ziliuzwa chini ya dola 4. Sitaki kulificha hilo, kwa sababu wanaoandika habari za mafanikio hulificha. Aliyenunua siku ya kwanza kwa kumpenda Alba alipoteza sehemu kubwa ya fedha zake. Januari 2023 alikuja mtendaji mkuu mpya, Carla Vernón, na kampuni ikaelekezwa kwenye kupata faida badala ya kukua tu. Aprili 2024, miaka 12 tangu bidhaa zile 17 za kwanza, Alba alitangaza kuachia kazi yake ya kila siku. Alikuwa akikaribia kutimiza miaka 43. Katika umri huo alikuwa amefanya kazi kwa miaka 30, na karibu nusu ya miaka hiyo ilikuwa ya sabuni na pampasi.

Baada ya kuyasoma haya yote, mwezi uliopita nilichukua chupa yangu mwenyewe na kuiweka mezani. Lebo niliyoichapisha miaka minne iliyopita ilisema: “Asilia kwa asilimia 100. Haiwashi ngozi kamwe.” Niliyaandika maneno hayo kwa nia njema, kwa sababu mwanangu hakutokwa na harara nilipoanza kumfulia kwa sabuni yangu, na kwa sababu kila chupa iliyokuwa sokoni karibu yangu ilisema hivyohivyo. Lakini slesi si kitu asilia, salfoniki si kitu asilia, na ngozi moja ambayo haikuwashwa haitoshi kusema kamwe. Nilikuwa na lebo 400 zilizobaki. Nimezichoma nyuma ya nyumba, na lebo mpya ina orodha ya vitu saba: maji, slesi, salfoniki iliyotulizwa kwa soda ashi, chumvi, gliserini, manukato, rangi. Chini yake nimeandika kwamba mwenye ngozi nyepesi ajaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono.

Wateja wawili wameniuliza kwa nini nimeiondoa ile “asilia”, na mmoja wao amehamia kwa jirani ambaye bado anayo. Nilimweleza nilivyoweza.

Lililobaki ni karatasi. Wiki iliyopita nilimwomba muuzaji wangu wa slesi anionyeshe cheti cha vipimo cha lile dramu analotupimia sisi wadogo kwa kilo. Alishangaa, kwani hakuna aliyewahi kumuuliza, lakini kesho yake akanitumia picha yake kwenye simu. Niliikuza picha ile na kuisoma mstari kwa mstari. Kiungo hai, asilimia 70. Rangi, sawa. Harufu, sawa. Kwenye mstari wa dioksani pameandikwa sifuri, bila jina la maabara wala tarehe. Nimemwandikia tena kumuuliza nani aliipima.